Kipande Kilichofungwa Kamba

Mwaka wa 1964 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilijua njaa ya saa sita mchana tu, ile ya mtoto aliyecheza sana, nayo mama aliimaliza kwa ndizi moja ya kuchoma. Ninyi mnaosoma haya mkiwa na umri wangu mnaujua mwaka huo, sina haja ya kuwaeleza nani alipigana na nani. Mimi mwenyewe sijui vizuri mpaka leo. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primaire, na yote niliyoyajua baadaye nilijifunza sokoni kwa kutazama mikono ya watu, maana midomo yao inadanganya. Kwa hiyo nitasema nilichokiona jikoni kwetu. Vita yangu ilikuwa pale.

Juzi nilipita nyuma ya soko, mahali wanawake wanaposafisha nyama ya moshi. Walikuwa wanamwaga maji ya moto juu ya paja la mboloko, yule swala mdogo wa msitu mwenye miguu kama vijiti. Masizi yalikuwa yanatoka, yanateremka meusi kwenye mfereji, na harufu ikapanda: moshi wa zamani, mafuta yaliyolala, na kitu fulani kama majani yaliyooza baada ya mvua. Nikasimama. Mwanamke mmoja akanitazama.

"Mama, unanunua ao unapita?"

"Napita," nikasema.

Lakini miguu haikupita. Akacheka, akawaambia wenzake, "Ule mama iko anashiba na harufu. Tumulipishe." Nikacheka nami, nikaenda. Tangu siku ile harufu haijanitoka puani, ndiyo sababu nimechukua kalamu, kitu ambacho si desturi yangu.

Tulikaa Mangobo, mtaa wa Kisangani huku Kongo, nyumba ya udongo yenye bati, jiko nyuma. Papa, yaani baba yangu, alikuwa serre-frein, mtu wa kukaza breki kwenye mabehewa ya treni, kwenye ile reli inayoanzia Lubunga ng'ambo ya mto na kupanda mpaka Ubundu. Alivuka mto kwa pirogi, yaani mtumbwi, asubuhi, akalala huko juu usiku mmoja au mbili, akarudi. Na hakurudi mikono mitupu hata siku moja. Wawindaji wa kando ya reli walimjua. Treni ikipunguza mwendo kwenye daraja, wao wanarusha nyama iliyofungwa majani, yeye anarusha chumvi na sabuni. Ndiyo biashara yao, hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda. Papa alituonyesha jinsi ya kudaka: mikono miwili, tumbo ndani. Tulifanya mazoezi uani kwa papai bichi mpaka mama akapiga kelele.

Nyama ya namna ile haipikwi kwa haraka. Unaiosha mara tatu kwa maji ya moto, unaikatakata, unaichemsha na chumvi peke yake mpaka ikubali kidole. Pembeni umechemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, unazitwanga kwenye kinu, unakamua, unachuja, unaupata ule mchuzi mzito mwekundu tunaouita mosaka. Sasa unapanga. Nyama chini, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa, halafu ndizi za kupika zilizokatwa vipande vinene, mstari juu ya mstari, halafu mosaka unamwaga juu ya vyote, unafunika na mangongo, majani mapana ya msituni, halafu kifuniko, halafu jiwe juu ya kifuniko. Moto mdogo. Unaondoka. Ukifunua kabla mafuta hayajapanda juu umeharibu. Sufuria moja ililisha sisi watu watatu na jirani mwenye kupita kwa bahati mbaya, kama mama alivyosema, maana majirani walipita sana siku za treni.

Na kulikuwa na kipande cha papa. Hili nieleze vizuri kwa sababu vijana wa leo hawalijui. Kwetu, mwenye nyumba anakula mgongo wa mnyama, ule wenye mbavu fupi mbili tatu zimebaki. Mama alikichukua kipande hicho kikiwa kibichi, akakifunga kwa uzi wa kekele, ule mtambaa wa msituni ambao watu wanasukia viti, akakiweka pamoja na vingine sufuriani. Kekele haiyeyuki motoni. Ukichota, ukikuta kamba, mkono wako unajua: hiki si chako. Papa akirudi anakata kamba mwenyewe. Asiporudi siku hiyo kipande kinangoja, kinachemshwa asubuhi na jioni kisiharibike. Kingeweza kungoja siku tatu. Hakuna mtoto aliyekigusa, hata mimi niliyekuwa mwizi wa sukari.

Sasa nisikilizeni jinsi mtoto anavyoweza kukosea. Mwaka mmoja kabla, mume wa Mama Veronika, nyumba ya nne kutoka kwetu, alikuwa mgonjwa hospitalini. Mama Veronika alikuwa anampikia, na kipande chake cha samaki kilikuwa kinamngoja, kimefungwa kamba. Siku moja mimi nilikuwa uani kwake nacheza na binti yake. Mama Veronika akarudi kutoka hospitalini anatembea kawaida, uso mkavu, hajasema bonjour kwa mtu. Akaingia jikoni. Nilikuwa mlangoni, nikamwona akifunua sufuria, akatoa kipande cha mume wake, akachukua kisu, akakata kamba. Ndipo akaanguka chini na kulia. Watu wakaja mbio, kiwanja chote kikajaa vilio. Jioni wakagawana kile kipande, kila mtu kidogo, kama ukubwa wa ukucha.

Mtu mzima angeelewa. Mimi nilielewa nilichokiona: mume yuko hospitalini, mke anakata kamba, mume anakufa. Nilikaa na jambo hilo moyoni bila kumwambia mtu, kwa sababu niliona watu wazima wote wanalijua na hawamkasirikii Mama Veronika, na hilo lilinitisha zaidi.

Basi. Mwaka ule wa taabu, mama yake mama alifariki Basoko, huko mto unakoteremkia. Mama akapanda boti kwenda matanga akiwa na mdogo wangu wa kunyonya mgongoni. Mimi nikabaki na papa. Jirani yetu Bibi Zaina akaombwa anitazame siku za treni. Bibi Zaina alikuwa mwanamke wa Kiislamu, wa zile familia zilizofika na wafanyabiashara wa zamani kabisa, mabibi zake wote wamezikwa Kisangani. Alikuwa mjane, anashona kofia, ulimi wake kama sindano yake.

Siku nyingine ya treni papa alivuka, akarudi na mboloko mzima wa moshi. Siku mbili baadaye akatakiwa kwenda tena, ingawa si zamu yake. Nakumbuka anafunga viatu.

"Utapika peke yako," akasema. "Uko mukubwa sasa. Yangu ufunge vizuri."

"Utarudi lini?"

"Siku ya tatu. Kama Bibi anakupiga, umupige na wewe."

"Papa!"

"Ninacheka tu. Usimupige, iko na nguvu kuliko mimi."

Akaenda. Ndivyo alivyoondoka, kwa mzaha, na mimi sikumsindikiza hata mpaka njiani kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwasha moto. Ilikuwa sufuria yangu ya kwanza ya peke yangu. Nilitwanga ngazi mpaka viganja vikatoa malengelenge. Nilifunga kipande cha papa mara mbili, kamba ikapita kati ya mbavu, nikafanya fundo ambalo hata mimi nisingelifungua. Na nilipofunua, mafuta mekundu yamepanda juu na ndizi zimekuwa rangi ya jua la jioni, nilijiona mwanamke.

Bibi Zaina akachungulia juu ya uzio. "Ee mutoto, harufu yako inanivunjia swala. Uko unapika nini?"

"Mboloko, Bibi. Kuja ule."

"Nani alimuchinja?"

Nikafikiri. "Alikamatwa na mutego."

"Alors alikufa pekee yake. Mimi sikule kitu kilichokufa pekee yake."

"Lakini Bibi, jana ulisema hauna chakula."

"Niko na njaa, ndiyo. Njaa si sababu." Akavuta pumzi ndefu puani, akafumba macho. "Lakini kunusa haikukatazwa. Usifunike bado."

Nikaweka hilo nalo akilini. Mtu anaweza kuwa na njaa na nyama iko mbele yake na asile, na kule kutokula kwake kunalinda kitu. Nilimwona ni mwenye nguvu kama askari.

Siku ya tatu papa hakurudi. Siku ya nne tulisikia risasi. Waasi waliingia mjini, askari wakakimbia, barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani wakielekea kila upande, halafu barabara ikawa tupu kabisa, na huo utupu ndio nauogopa mpaka leo kuliko kelele. Pirogi za kuvuka zikasimamishwa. Nilikuwa naweza kwenda mpaka ukingoni nikaona Lubunga ng'ambo, paa za stesheni, hata mtu mdogo akitembea, na hakuna njia ya kufika. Mto ule ni mpana lakini si bahari. Unaona na hupati.

Bibi Zaina alinitaka nihamie kwake. Nilikataa. Nilikuwa na kazi.

Nilikuwa nimekula ndizi zote, mchuzi wote, na nyama yote ya watu wengine. Kikabaki kipande cha papa. Nilikichemsha asubuhi na jioni, na kila siku niliona nyuzi za nyama zinaachia, maji yanachukua utamu. Nikajua nikiendelea kitayeyuka, na kamba itabaki haishiki kitu. Basi nikakitoa, nikakitundika kwenye uchaga juu ya mafiga, nikakirudisha kwenye moshi kama kilivyotoka. Tangu hapo kazi yangu ikawa moto. Moto usiwe mkubwa kikaungua, usizimike panya wakaja. Nilikipaka majivu kionekane kama kipande cha gogo lililoungua, maana watu wenye bunduki walikuwa wanaingia nyumba za watu kutafuta chakula. Waliingia kwetu mara moja, wawili, wakafunua sufuria, wakakuta tupu, wakanitazama, wakatoka. Hawakutazama juu.

Nilikula nini? Mihogo ya Bibi, majani ya matembele, na maembe ya mtu aliyekimbia. Nilikonda. Bibi alikuwa anakuja asubuhi na jioni, ananikuta nimekaa kwenye kigoda chini ya kile kipande.

"Wewe umeolewa na nyama?" akaniuliza. "Hata mahari hawajaleta."

"Iko ya papa."

"Najua iko ya papa. Papa akikuja akukute mufupa, atakula nani, nyama ao wewe? Shusha ile kitu, ule. Mungu wako anakuruhusu, wa kwangu ndiye anakataa."

"Nikikula, papa hatakuja."

Akafungua kitambaa chake, akanipa muhogo. Nilidhani amekubali kwamba ndivyo mambo yalivyo. Akaondoka bila utani.

Nilianza kuongea nacho. Nasema hivi bila aibu, nina miaka ya kutosha. Nilikuwa nakiambia habari: leo mvua imeingia pale pembeni, papa, bati lile ulilosema utalipiga msumari. Leo Bibi ameshona kofia mbili lakini hakuna wa kununua. Leo nimeota mama. Hakuna mtoto mwingine aliyebaki karibu. Mama Veronika na binti yake walikimbilia msituni. Siku nyingine sauti yangu ilinishtua mwenyewe, kwa sababu ilikuwa ya kwanza kuisikia tangu asubuhi. Njaa nilikuwa naiweza. Kile kimya ndicho kilichokuwa kinanila. Na mara nyingi, mafuta yakidondoka kidogo kwenye jivu na kutoa ile harufu, mkono wangu ulipanda peke yake mpaka ukagusa kamba. Kamba ikanikumbusha. Nikaushusha.

Miezi ikaenda hivyo. Halafu ndege zikaja, askari wakateremka kutoka mbinguni na vitambaa, risasi tena siku kadhaa, maiti barabarani ambazo Bibi alinifunika macho kwa kanga nisione na nikaona kupitia kanga. Halafu kukatulia, utulivu wa mtu mgonjwa. Pirogi moja moja zikaanza kuvuka.

Mchana mmoja akaja Tonton Bosco, mjomba wa kuitwa tu, si wa damu. Alikuwa anafanya kazi na papa kwenye treni moja, behewa la mbele yeye, la nyuma papa. Sikumtambua mpaka alipotaja jina langu. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba, miguu imevimba, macho yamerudi ndani. Nikakimbia nikashika mkono wake.

"Papa iko wapi? Iko nyuma?"

"Mama yako iko wapi?" akauliza yeye.

"Basoko. Tonton, papa iko nyuma?"

"Nipe maji kwanza, mama."

Nikampa. Akanywa vikombe vitatu. Kwetu mgeni hatoki bila kuonja kitu, hilo nilifundishwa kabla sijajua kutembea, na mimi sikuwa na kitu ila kipande cha muhogo mkavu. Nikakileta. Akakitafuna huku anatazama huku na huku, na macho ya mwenye njaa yanaona ambavyo bunduki haikuona. Akatazama juu. Akanusa.

"Ile iko nyama," akasema. Alisimama. Kisu kilikuwa kimechomekwa kwenye uchaga palepale. Akakichukua.

"Tonton, hapana! Iko ya papa!"

Mkono wake ukasimama hewani. Akafuta majivu kwa kidole, taratibu, akaiona kamba. Fundo langu. Akalishika lile fundo kama mtu anayeshika sikio la mtoto aliyelala. 

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Ulifunga vizuri."

Akarudisha kisu mahali pake. Halafu akafanya jambo nililolishangaa: akaomba maji tena, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyemaliza kula. "Bon," akasema. "Nimeshiba. Ulinde vizuri, sawa?" Akatoka. Nilimwona kwenye uzio anaongea na Bibi Zaina kwa sauti ya chini. Bibi akavuta kanga akafunika kichwa na uso wote, akaingia ndani.

Nami nilicheza ngoma peke yangu jikoni. Niambieni, mtoto angefikiri nini? Tonton ana njaa ya kufa, nyama iko mbele yake, kisu mkononi, na hakukata. Kama papa angekuwa amekufa, angekula. Watu wazima wanakula nyama ya waliokufa, nilishaona. Hakula, kwa hiyo papa yuko hai, yuko njiani. Siku ile nilifagia uwanja mzima. Hata Bibi alipoacha kunitania, akawa ananiita "mwanangu" na kunisuka nywele polepole, nilidhani ni furaha ya kumngoja papa pamoja nami.

Mama alirudi baada ya majuma matatu. Nilimwona kutoka mbali, mtoto mgongoni, sanduku kichwani, anatembea kawaida, uso mkavu. Nilikimbia. Aliniweka mkono kichwani, hakuinama. Akampa Bibi Zaina mtoto, akaweka sanduku chini, akaenda jikoni moja kwa moja.

Nilikuwa nyuma yake na nilikuwa naongea bila kupumua. "Mama, nimeilinda! Tangu siku ile! Angalia, kamba iko vile vile, hakuna mutu aligusa, Tonton Bosco alitaka nikamukataza..."

Akanyoosha mkono, akakishusha. Kilikuwa kimekuwa kigumu na chepesi kama gome. Akachukua kisu.

Ndipo nikaona. Uso ule ule wa Mama Veronika.

"Mama, usikate!"

Nilimrukia mkono. Nilimuuma, nasema kweli, meno yaliingia kwenye ngozi ya mama yangu. Hakunisukuma. Alingoja mpaka nilipochoka, akiwa amekishika kisu juu nisijikate, halafu akaingiza ncha chini ya fundo. Lilikuwa fundo gumu. Akalikata mara mbili, mara tatu. Kamba ikaanguka kwenye jivu, na mama akaanguka na yeye, na sauti iliyomtoka sijaisikia tena kwa mtu yeyote, wala mwanamke anayezaa.

Kwa macho yangu mwenyewe nilimwona mama akimuua papa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Watu wakaja, wale wachache waliobaki. Bibi Zaina akaleta ndizi, mwingine akaleta ngazi. Kile kipande kikaoshwa, masizi na majivu yangu yakatoka, kikachemshwa siku nzima. Mama alipika yeye mwenyewe, macho yamevimba, mstari juu ya mstari, majani, kifuniko, jiwe. Tonton Bosco alikuwepo. Walikula wote. Bibi Zaina hakula, alisimama mlangoni muda wote hakuna aliyemwambia akae. Tonton alikula kipande chake kidogo huku machozi yanaingia mdomoni.

Mama akanijia na changu kwenye kiganja. Kidogo, chenye mafuta mekundu.

"Kula, mama yangu."

Nikafunga mdomo.

"Kula. Kama haukule, utabaki unamungojea."

Nikageuza uso. Aliushika mkono ule hapo mbele yangu mpaka mafuta yakaganda. Halafu akakila yeye.

Na kweli nilibaki. Alisema kweli, sijui mwanamke asiyesoma alijuaje. Nilimngoja papa miaka. Firimbi ya treni ikilia Lubunga nilikuwa nateremka ukingoni kuhesabu watu wanaoshuka kwenye pirogi, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, kumi na minne, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza tumboni. Akili ilijua. Miguu haikujua. Na nyumbani nilikaa na mama kama wapangaji wawili. Nilimwambia mara moja tu, nilipokuwa na miaka kama kumi na moja: "Wewe ndiye ulikata." Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Hakujitetea siku ile wala siku nyingine, na mimi nilichukua kimya chake kuwa ni kukiri. Nikaondoka kwake mapema, nikaanza kuuza lituma kwenye kivuko, ndizi za kutwangwa, kwenye sahani moja ya bati. Wengi wanasema niliondoka kwa sababu ya umaskini. Hapana.

Tonton Bosco ndiye aliyenieleza, nikiwa mwanamke mzima, siku alipokuja kula kwangu akiwa mzee. Alisema treni ilisimamishwa njiani na watu wenye silaha, na papa alipigwa risasi akafa pembeni ya reli siku ile ile ya tatu aliyoniahidi. Wao wengine wakakimbilia msituni. Alisema: "Siku ile kwenu nilikuwa sijala siku ine. Lakini kama ningekula, ungejua. Nikasema, asijue kwangu mimi, ajue kwa mama yake." Yeye ndiye aliyetuma habari Basoko kwa boti ya kwanza.

"Kwa hiyo mama alikuwa anajua kabla ya kufika?"

"Alikuwa anajua tangu Basoko. Lakini mke halie kabla kamba haijakatwa. Aliishika kilio ile njia yote ya mto, na mtoto anamunyonya."

Nilimwongezea chakula, nikaenda nyuma ya jiko, nikasimama pale.

Mama alikuwa bado hai wakati ule. Aliishi miaka mingine mingi. Nilimpelekea mafuta, vitambaa, dawa, nilimlaza hospitali nzuri. Nilikuwa nakaa naye mchana mzima na neno liko hapa kooni. Sikulisema. Mimi ni mtu wa kiburi, kiburi ndicho kilichonijenga, na siwezi kukitukana leo kwa sababu kilinilisha. Lakini siku zile kingeninyamazia kidogo tu.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, na kisima. Niko na mgahawa wenye meza kumi na moja na wanawake saba wanaofanya kazi. Niko na pirogi mbili za mota. Niko na shamba la michikichi ng'ambo, hekta nne. Niko na watoto watano walio hai, mmoja daktari. Niko na kaburi la mama, la sima na marumaru, nililijenga mimi peke yangu. La papa sina.